Kanda ya Nne ya Armel

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita mliniacha nikilia kwa furaha. Leo naionea haya furaha ile.

Kwa aliyekosa: mimi ni Nusaiba, mzaliwa wa Tanga, miaka ishirini na minne, na shahada yangu ya uhandisi wa sauti bado inanukia wino. Naishi Johannesburg, mtaa wa Mayfair, kwa Shangazi Fauzia. Nafanya kazi kwenye studio ya Mansour, mtu wa Dar es Salaam, juu ya duka la mapazia, mitaa mitatu kutoka nyumbani.

Mimi ndiye niliyekwenda mtaa wa Yeoville kumbembeleza Mama Gaudiose, mshonaji, mjane wa Kirundi, atupe kanda nne za marehemu mumewe Armel. Armel na bendi yake ya Radi walipiga roki kwa Kiswahili mtaani Buyenzi, Bujumbura, mwaka 1974. Walirekodi kwa mashine ya mapadri, kisha dunia ikawatawanya. Mama alizifunga kanda zile ndani ya kitenge, akazibeba kutoka Bujumbura hadi kambini Kigoma, na kutoka Kigoma hadi hapa. Mashine ya kuzipigia hakuwahi kuwa nayo. Ana miaka thelathini na moja hajaisikia sauti ya mumewe.

Nilimwapia kwamba zitamrudia salama.

Kanda za zamani hunyonya unyevu, zikanata. Ukizipiga hivyo hivyo, muziki unabanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Dawa yake ni kuzikausha kwa joto dogo, muda wa saa nane, bila papara. Nilitumia mashine ya Shangazi ya kukaushia biltong, ile nyama kavu ya viungo anayowauzia watu wa Fordsburg. Kanda tatu zilikauka vizuri, zikinuka giligilani na siki. Ya nne ilikuwa imeota ukungu. Mansour aliitazama mara moja tu.

"Takataka hiyo. Tupa."

Sikutupa. Niliificha kabatini, chini ya kanga zangu.

Zile tatu Mansour alijifungia nazo wiki mbili. Kisha akanipa sauti iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta, niisafishe. Nikasafisha miezi miwili, na kila nikimsikia Armel akinguruma, machozi yananilenga. Watu wa Ulaya wanaokusanya santuri za kale wakaonjeshwa wimbo mmoja, wakapagawa. Wakasema hii ni albamu kubwa ya roki iliyozikwa nusu karne.

Jina la albamu nilitoa mimi: *Adhuhuri ya Buyenzi*. Maana mwisho wa wimbo wa tatu, gitaa linapofifia, inasikika adhana kwa mbali. Nikaandika kwenye jalada: "Hapa Buyenzi yenyewe inaingia ndani ya wimbo." Chini yake nikatia sahihi, mimi msomi, kuthibitisha kwamba mnachosikia kilirekodiwa mwaka 1974.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nisikilizeni mnicheke.

Ijumaa alasiri nilirudi nyumbani nimeishika simu kama mtu aliyebeba kichanga. Shangazi alikuwa jikoni, anakata nyama vipande virefu.

"Shangazi, sikiliza kazi ya mwanao."

"Nisikilize nini, hizo kelele za mabati?"

"Ni roki, Shangazi."

"Roki ndiyo hiyo? Mbona anapiga mayowe kama kabanwa kidole mlangoni?"

Akaendelea kukata. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gitaa likafifia. Adhana ikaingia.

Kisu kikasimama.

"Rudisha."

Nikarudisha huku natabasamu. Nilidhani imemgusa kama ilivyonigusa mimi.

"Rudisha tena." Akafuta mikono kwenye aproni. "Huyo si Bakiri?"

"Bakiri gani?"

"Kwani tuna Bakiri wangapi? Muadhini wetu, wa hapo msikitini."

"Shangazi, hii ni Bujumbura. Mwaka sabini na nne."

"Sabini na nne yako hiyo. Msikilize akifika kwenye 'Hayya', anavyokata pumzi katikati. Ile ni pumu. Mwaka jana nimempelekea tangawizi kwa mikono yangu hii."

"Wenye pumu ni wengi."

"Na wote wanakata pumzi mahali pamoja?"

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka, maana wakati ule ule spika ya msikiti ikakoroma na adhana ya alasiri ikaanza.

Nikaweka simu kwenye sikio moja, sikio la pili nikaliachia dirisha.

Pumzi ikakatika. Mahali pale pale. Simuni na dirishani.

"Bakiri ana miaka thelathini na miwili," Shangazi akasema polepole. "Mwaka sabini na nne hata babake alikuwa hajaoa."

Nilikaa juu ya ndoo ya siki. Nikalikumbuka dirisha la studio lisilofunga vizuri. Mara kumi nimemwambia Mansour: bosi, tutengeneze lile dirisha, sauti za nje zinaingia kwenye rekodi. Mara kumi ananijibu: sharp, sharp, haina shida, kesho.

"Mansour huyu huyu?" Shangazi alikuwa bado anajiuliza. "Anayekula nyama yangu? Niliyemwonyesha hadi ufunguo wa nyumba unakaa wapi, ili nikiwa sokoni ajichukulie mwenyewe?"

Nilikimbilia bafuni. Miezi miwili ya machozi yangu ilitoka kama chakula kilichochacha.

Jumamosi asubuhi nilipanda taxi kwenda Yeoville. Si kwa Mama Gaudiose. Kwake nisingeweza kuitazama hata cherehani. Nilikwenda kwa Anatole.

Anatole ni Mrundi. Jumapili anapiga gitaa kanisani, siku nyingine ananyoa watu. Katika zile wiki mbili Mansour alizojifungia, nilikutana naye ngazini mara mbili, ana gitaa mgongoni. Mansour aliniambia amekuja kurekebisha waya.

Nilimkuta saluni, mteja kichwa nusu kimenyolewa, nusu kichaka. Sikusalimia. Nikaiweka simu juu ya meza ya vitana, nikawasha wimbo wa pili.

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Dada yangu..."

"Anatole, ni wewe unayeimba?"

"Mnh, anaimba vizuri lakini," mteja akasema. "Kaka, nimalizie kwanza upande huu ndipo mgombane."

Anatole alikaa kwenye benchi la wateja. Ni mtu mzima, mvi zimeanza. Aliiangusha mikono yake katikati ya magoti.

"Mansour aliniambia ni *hommage*. Kumbukumbu tu, ya kumheshimu mzee wa Buyenzi. Miye nikafurahi. Miye mwenyewe ni mtoto wa Buyenzi!"

"Ukazijuaje nyimbo?"

"Alinipigia zile kanda. Mara tano, mara sita, nizishike kichwani." Akanyanyua macho. "Yule mzee hakuwa anapiga kelele, dada. Alikuwa anaimba polepole, kama mtu anabembeleza mtoto asiamke. Hata gitaa lake lilikuwa chafu kwa mbali tu, kama radi iko upande wa Kongo. Miye nililia. Mansour akasema: hii watu wa Ulaya watalala usingizi. Wao wanataka roki ya Afrika yenye kuvunja vioo. Piga haraka, paza sauti."

"Mkarekodi kwenye nini?"

Akaanza kuvipanga vitana mezani.

"Anatole. Kwenye nini?"

"Kwenye kanda zile zile. Alisema wanunuzi watataka kuiona kanda yenyewe, na boksi lake, na mwandiko wa marehemu. Akabonyeza kile kitufe chekundu, akaniambia: piga." Akanyanyua mkono juu, kama mtu mahakamani. "Nilidhani amenakili kwanza. Naapa, nilidhani ana kopi."

Mteja aliyenyolewa nusu kichwa aliinuka. Yeye mwenyewe aliitoa ile taulo shingoni, akaikunja.

Nilitoka. Kwenye robot ya kona, taa za barabarani, nilisimama, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani, na mimi nimesimama pale pale. Nilikuwa nawaza jambo moja: mwanamke amevuka mipaka na kanda nne kifuani, na mikono iliyokuja kumpora ni yangu. Mansour alibonyeza kitufe tu. Aliyemfungulia mlango ni mimi, na tabasamu langu, na shahada yangu.

Lakini nne si tatu.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliitoa kanda ya nne chini ya kanga. Jumapili nzima nilikuwa nimeifuta ukungu kwa pamba, inchi kwa inchi. Nikaiweka kwenye mashine ya Shangazi, nikapima joto, nikafunga kifuniko. Itakuwa tayari saa nane mchana. Ikitolewa kabla, itabanduka. Joto likizidi, itaharibika kabisa.

"Usiiguse, Shangazi. Hata kwa nyama ya harusi."

"Nani aiguse? Mimi naenda Fordsburg na mzigo. Nenda ukamalizane na huyo fisi."

Mansour alikuwa kwenye kiti chake, anatafuna biltong ya Shangazi, vidole vinang'aa mafuta. Vidole vile vile vilikuwa juu ya boksi la kanda ya kwanza, juu ya mwandiko wa Armel.

"Msomi! Njoo, njoo. Leo siku kubwa."

"Ulinakili zile kanda kabla ya kurekodi juu yake?"

Aliendelea kutafuna. Hakushtuka hata kidogo.

"Anatole ana mdomo mpana," akasema. "Nilijua."

"Ulinakili?"

"Nani ananakili usingizi?" Akachomoa uzi wa nyama katikati ya meno, akautazama, akaupangusa kwenye suruali. "Nusaiba, sikiliza. Yule mzee alikuwa na maneno mazuri. Sauti hana. Nimempa sauti. Nimempa albamu. Kesho kutwa dunia nzima italijua jina lake. Mimi ndiye mbaya?"

"Umemfuta."

"Nimemfufua."

"Nitawaandikia wanunuzi. Nitawaambia ile adhana ni ya Bakiri."

Hapo akacheka, mpaka akakohoa.

"Eish! Kumbe ni Bakiri! Mimi sikuisikia hata hiyo adhana. Wewe ndiye uliyekuja hapa unalia, bosi, bosi, sikiliza Buyenzi. Nani aliandika kwenye jalada? Nani katia sahihi? Waandikie, dada yangu. Watakuuliza: ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

Nikalifuta lile boksi mafuta ya vidole vyake.

"Na utalinganisha na nini?" akaendelea, sasa kwa upole, kama mwalimu. "Hakuna kanda nyingine duniani yenye sauti ya yule mzee. Hakuna. Kwa hiyo huyu ndiye Armel. Hakuna mwingine."

Nikauma ulimi. Niliuma hasa, nikasikia ladha ya damu. Mitaa mitatu kutoka pale, Armel mwingine alikuwa anakauka taratibu. Nyamaza tu, Nusaiba. Nyamaza mpaka saa nane.

Mlango ukagongwa.

"Karibu, Mama!" Mansour akaruka, akajipangusa mikono. Akaninong'oneza: "Wanunuzi wanataka video. Mjane akimsikia mumewe kwa mara ya kwanza tangu afe. Shika simu, urekodi. Machozi yakianza, usogee karibu."

"Huwezi. Atajua."

"Ajuza wa miaka sabini na moja, baada ya miaka thelathini? Maneno ni yale yale. Atajua nini?"

Mama Gaudiose aliingia amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa siku ile, la bluu, na kitambaa kichwani. Mkononi ana kile kitenge cha zamani, kitupu, amekikunja vizuri. Alikuja nacho cha kuzifungia kanda wakati wa kurudi.

"Binti yangu," akaniambia, akanikumbatia. Alinuka sabuni. "Umekonda. Kazi yangu imekuchosha."

Ningesema pale pale. Nawaambieni ukweli, nilifungua mdomo. Lakini Mansour alikwisha kumkalisha na kumvika hedifoni, simu yake ameielekeza usoni pake, maana mimi nilikataa kuishika.

Akabonyeza.

Niliutazama uso wa Mama kama mtu anayesubiri hukumu. Nilitaka akasirike. Nilitaka avue hedifoni, aseme, huyu ni nani, mmefanya nini. Nilimwomba kimoyomoyo: Mama, mkatae. Mkatae huyu.

Midomo yake ikaanza kusogea. Alikuwa anayafuata maneno. Mguu wake wa kulia ukapiga sakafu, mara moja, mara mbili. Machozi yakashuka mpaka kwenye kola ya bluu.

"Ego," akasema kwa Kirundi. "Ndiyo. Ni yeye. Ni Armel wangu."

Mansour akasogeza simu karibu.

Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyojichukia dakika ile. Nilidhani kitu kibaya kuliko vyote ni Mama kuujua uongo. Kumbe kibaya zaidi ni Mama kuupenda. Sasa hata nikimletea sauti ya kweli, nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba amemlilia kinyozi wa Yeoville? Kwamba sauti ya mumewe mwenyewe amepotezana nayo njiani, pasipo mtu kumwibia?

Wimbo ukaisha. Mama akashusha hedifoni shingoni, akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akakifungua kitenge juu ya meza na kuanza kuzipanga kanda ndani yake. Moja. Mbili. Tatu.

Akasimamisha mkono.

"Niliwapa nne."

"Ya nne ilioza, Mama," Mansour akajibu haraka. "Ukungu. Tuliitupa, pole sana."

Mama alikiachia kitenge. Alikaa tu, kama mtu aliyevutiwa kiti. Uso ule uliokuwa unang'aa ukazimika mbele yangu.

"Mliitupa," akasema. "Ile haina wimbo. Humo anaongea. Usiku ule walipomaliza kurekodi, mapadri waliiacha mashine wazi, akanisemesha miye. Anataja jina langu, anacheka, ananiambia nikalale. Hizi nyimbo alikuwa anawaimbia watu wote, binti yangu. Ile ya nne ndiyo ilikuwa yangu." Akauangalia mkono wake mtupu. "Basi. Mungu amependa."

Mimi si mtu jasiri, na si mjanja. Niliyejiapiza kunyamaza mpaka saa nane, nilishindwa dakika moja mbele ya uso ule.

"Haikutupwa, Mama! Ipo! Iko kwa Shangazi, kwenye mashine ya nyama, inakauka. Saa nane itakuwa tayari, nakuapia..."

Niliyasikia maneno yangu yalipokwisha kutoka.

Mama alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akaubusu.

Mansour alishusha simu. Alinitazama bila hasira hata kidogo, kama mtu aliyekumbushwa kwamba ameacha bomba la maji wazi nyumbani. Akaangalia saa ukutani. Ilikuwa saa sita na robo. Shangazi yuko Fordsburg, na ufunguo uko pale pale anapopajua Mansour.

"Kumbe," akasema. Akachukua funguo za gari mezani, na kipande cha mwisho cha biltong. "Mama, nakuja sasa hivi. Nusaiba, mpigie Mama wimbo mwingine."

Nilijaribu kuinuka. Mama alikuwa amekwisha kuirudisha hedifoni masikioni, na mkono wangu bado ameukumbatia kifuani, hauachii.

"Tukingojea saa nane," akaniambia kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyezibwa masikio, "nipigie tena huyu huyu."

Chini, mbele ya duka la mapazia, gari likawaka.